Gati Linatumika

Luisa hakumwamini mtu aliyemwamkia mara mbili. Shikamoo ya kwanza ni heshima, alisema, ya pili ina kitu mfukoni. Kwa hiyo siku ile binti mmoja wa Wakala wa Magati aliposhuka kwenye gari jeupe pale Likongwe, akamwamkia, akaenda kulipiga picha ziwa, kisha akarudi akamwamkia tena, Luisa aliacha kutandaza dagaa wake wa usipa akamtazama kuanzia viatuni. Vilikuwa mabuti ya mpira, mapya, hayajawahi kuona tope. Akaitikia marahaba ya pili kwa sauti ya chini, kama anayepokea mzigo asioujua ndani mna nini.

Tabia hii ya kushuku hakuja nayo kutoka kwao. Kwao ni Kitura, juu milimani, kwenye kahawa na mashamba ya mashimo yaitwayo ngoro, mahali ambapo mtu akikwambia mahindi yapo unaenda ghalani unayaona. Aliipatia Kitai, kituo cha mabasi, enzi za usichana wake, alipokuwa akiuza ndizi dirishani mwa magari. Hapo ndipo alipokutana na Meshack, Mnyasa mwenye kapu la samaki wakavu na maneno laini. Meshack alitaka kuoa. Luisa alikuwa na sharti moja tu: anaogopa maji, hataki kukaa karibu na ziwa. Meshack akaapa kwa jina la marehemu babu yake kwamba nyumba yao iko mbali na ziwa. Luisa akaridhika, ndoa ikafungwa, akateremka na sanduku lake la bati. Usiku wa kwanza akasikia wimbi likipumua nyuma ya kitanda.

"Si ulisema mbali?" alimuuliza.

"Ni mbali," Meshack akajibu, na maskini alimaanisha. "Maji hayajawahi kuingia mlangoni."

Tangu siku hiyo Luisa alijiwekea kanuni. Swali la kwanza ni la adabu, la pili ndilo la kujua. Mbali kutoka wapi? Nzuri kwa nani? Kesho ya lini? Wanakijiji walimwita Mama Swali la Pili, na wengine walimkwepa njiani wakiwa na haraka. Alizaa, akalea, akamzika Meshack kwa homa wala si kwa ziwa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuingia majini kupita vifundo vya miguu. Aliogea ndoo, alifulia ndoo. Wifi yake Eunice, dada mkubwa wa Meshack, hakuchoka kumchokoza. "Mtu wa mlimani huyu," alikuwa akisema, "siku akinyeshewa na mvua ataomba kamba."

Basi mwanamke huyu, mwenye masikio makali kiasi hicho, ndiye aliyenaswa kwa swali moja jepesi. Inachekesha, ila yeye mwenyewe haikumchekesha hata kidogo.

Gati la Likongwe lilijengwa na Wakala wa Magati na Vivuko ili meli isiwe inasimama katikati ya ziwa, watu wakiifuata kwa mitumbwi. Ni zege zuri, pana, limeingia majini kama mkono ulionyooshwa, na mwisho wake lina ngazi za abiria. Lilikamilika kiangazi. Masika yaliyofuata, mto unaomwaga maji yake pembeni ulishuka na mchanga wa milima yote, ukaurundika pale penye kichwa cha gati. Meli ikaja, ikapiga honi, ikasimama mbali kama zamani. Eunice akamcheka Luisa: "Mchanga wa kwenu huu, wifi. Umekufuata."

Watu wakarudia desturi yao. Mwenye miguu alitembea majini hadi kwenye mtumbwi, asiye na miguu alibebwa mgongoni. Eunice alikuwa wa kubebwa. Nyonga yake iliharibika tangu alipoanguka shambani, na dawa zake zilikuwa hospitali ng'ambo ya ghuba. Kila safari kijana wa kukodi alimweka mgongoni kama gunia, kitenge kikimpanda mapajani, yeye aliyekuwa kiongozi wa Umoja wa Akina Mama kanisani kwake, mwanamke ambaye hata kikohozi alikiziba kwa leso. Alifumba macho mpaka afike kwenye mtumbwi. Luisa alikuwa akisimama ukingoni na mfuko wa nguo za wifi yake, akitazama pembeni, akilichukia lile zege kwa moyo wake wote.

Lakini zege nalo lilikuwa na wema wake. Masika jua la Nyasa huja vipande vipande. Usipa, wale dagaa wadogo wa ziwa hili, ukianikwa mchangani hauwahi kukauka kabla mvua haijarudi, na jioni unanuka. Juu ya gati, zege likishapata joto, asubuhi mpaka adhuhuri umekauka na unalia mkononi kama majani makavu. Akina mama waligundua hilo wiki ya kwanza tu. Kuanzia hapo, kila asubuhi yenye jua, gati lote liling'aa kwa fedha ya samaki.

Ndivyo hali ilivyokuwa siku binti wa mabuti mapya alipomwamkia Luisa mara mbili. Alijitambulisha kwa jina la Glorious, afisa wa Wakala, kisha akainua simu karibu na mdomo wa Luisa.

"Mama, gati hili mnalitumia?"

"Tunalitumia sana, mwanangu," Luisa akasema. "Tunaanikia usipa. Bila hili, masika haya tungekula harufu."

Glorious akacheka, akashukuru, akaondoka. Gari lilipopotea kwenye kona ndipo Luisa alipojiuliza kwa nini mtu aulize jambo analoliona kwa macho yake. Alikaa na swali hilo siku nzima. Angelimuuliza yeye, si kujiuliza, lakini gari lilikuwa limekwenda.

Jibu lilikuja kwa redio. Alikuwa jikoni kwa Eunice, wanachambua mchele, taarifa ya habari ikatangaza kwamba Kamati ya Bunge imekutana na Wakala wa Magati huko Dodoma. Mkurugenzi wa Wakala, Bwana Cuthbert, aliieleza Kamati kwamba gati la Likongwe limekamilika na linatumika, na kwa hiyo Wakala unaomba mradi ufungwe, na mtambo wa kuchimba mchanga upelekwe kwingine. Kisha, akasema mtangazaji, Kamati ikasikilizishwa sauti ya mwananchi. Na hapo, katika redio ya wifi yake, Luisa akajisikia mwenyewe.

"Tunalitumia sana, mwanangu."

Basi. Hapo hapo ikakatika, wakaingia wimbo.

Eunice aliweka ungo chini. "Wewe huyo?"

"Mimi kichwa tu," Luisa akasema. "Mwili wameutupa."

Luisa alikasirika kweli kweli. Kudanganywa alikwisha kuzoea, aliolewa kwa neno "mbali". Lakini kugeuzwa yeye kuwa mwongo, tena mbele ya wabunge, kwa maneno yaliyotoka kinywani mwake yakiwa ya kweli! Kila alipofumba macho alimwona yule binti akicheka na simu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu aliingia nguoni kwa shikamoo mbili.

Siku chache baadaye zikaja habari kwamba Kamati haikuridhika na maelezo, itakuja Likongwe kujionea yenyewe. Luisa hakufurahi. Wabunge nao aliwashuku. Watakuja, alisema, watakula samaki wa kuchoma, watapiga picha ziwa likiwa nyuma yao, watasema pameendelea. Ila aliwaza pia jambo jingine, nalo lilimnyima raha: kama mama mmoja angewaambia, huenda mtambo ungekuja. Meli ingefika gatini. Eunice angepanda kwa miguu yake na fimbo yake, macho wazi.

Alipolitoa wazo hilo mbele ya akina mama, waliokuwa wamekaa kwenye gati wakigeuza usipa, ilikuwa kama amemwaga maji ya moto. Na aliyeanza kupinga ni Eunice mwenyewe.

"Wifi, meli ikianza kufunga hapa, sisi tutaanika wapi? Kichwani?"

"Na wewe utabebwa mpaka lini?"

"Mgongo wa mtu nimeshauzoea. Nikifumba macho nafika." Eunice aliwatazama wenzake wakamwitikia kwa vichwa. "Wakikuuliza, sema linatumika. Si kweli linatumika?"

Ndiyo ulikuwa ubaya wake. Ilikuwa kweli. Luisa hakuwahi kukutana na uongo uliovaa vizuri namna ile, hauna hata uzi uliochomoza wa kuuvuta. Na sasa akina mama walianza kumwangalia yeye kwa jicho ambalo siku zote alikuwa akiwaangalia wao. Mmoja alinong'ona kwamba mlimani walimtuma. Mwingine akauliza amepewa nini na wale wa Wakala, maana sauti yake ilisikika redioni, na sauti haitembei bure.

Mtendaji wa kijiji akapita na tangazo: siku ya ugeni, asionekane samaki hata mmoja juu ya gati, atakayekaidi atachukuliwa hatua. Zege likafagiliwa, likapigwa deki kwa sabuni. Jioni hiyo Glorious akarudi, safari hii peke yake, kwa pikipiki ya kukodi. Alimkuta Luisa uani akikunja nyavu za marehemu mumewe.

"Shikamoo, mama."

Luisa alingoja ya pili. Haikuja.

"Kesho usiondoe usipa wako," binti akasema kwa sauti ya chini. "Tandaza kama kawaida."

"Mtendaji amekataza."

"Najua."

"Wewe ni mtu wa Wakala, au si wa Wakala?"

"Wa Wakala, mama." Na kabla hajaulizwa zaidi alirudi kwenye pikipiki, anaangalia barabarani kama mtu anayefuatwa.

Luisa alibaki ameshika wavu. Mtego, moyo ukamwambia. Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu hili lilikuwa limesimama uani kwake na mabuti. Wanataka nitandaze, wafike na wabunge, waseme: mnaona? Meli haifungi kwa sababu ya hawa wanawake na samaki zao. Mimi ndiye nitakayekuwa mchanga. Lakini nikiondoa, gati litaonekana safi, limekamilika, linatumika, na sauti yangu itakuwa imesema hivyo milele. Aligeuza jambo hilo huku na huku kama chapati, na kila upande ulikuwa umeungua.

Asubuhi ilikucha na jua. Wavuvi walileta usipa mwingi. Usipa hauna subira na mambo ya Bunge, usipotandazwa unaoza. Akina mama wengine walikwenda nao mchangani wakinung'unika. Luisa alijaza beseni lake, akajitwika, akapita katikati ya mtendaji na mgambo bila kugeuza shingo, akaenda mpaka mwisho kabisa wa gati na kuanza kutandaza. Mtendaji alimfuata akimkemea kwa meno yaliyofungwa. Alikuwa anamwinamia kumwonya ndipo magari yalipotokea kwenye kona, akanyooka ghafla na kufunga kifungo cha koti.

Waheshimiwa wakaja kwa miguu juu ya zege, mbele yao mwenyekiti wa Kamati, mama mnene mwenye miwani na mwendo wa taratibu, kando yake Bwana Cuthbert akieleza kwa mikono. Ziwa pale, kwa sababu ya mto, lilikuwa jekundu la udongo. Hata wayo wako usingeuona. Walifika kwenye usipa wakasimama.

"Hii nini?" mwenyekiti akauliza.

"Mheshimiwa, hii ndiyo changamoto yetu," Bwana Cuthbert akasema haraka, karibu kwa furaha. "Gati linatumika, ila vyombo vinapata shida kufunga kwa sababu wananchi wanaanika samaki. Tumewaelimisha, hawasikii."

Luisa akamtafuta Glorious kwa macho. Alikuwa nyuma ya wote, anaangalia mabuti yake. Si nilisema? Luisa akajiambia, na uchungu wa kuwa amepatia ulikuwa mbaya kuliko ungekuwa wa kukosea. Kule mchangani akina mama walikuwa wamesimama kutazama, Eunice mbele yao ameegemea fimbo.

Mwenyekiti hakusogea. Naye, ilionekana, alikuwa mtu wa kushuku. "Na hapa mwisho, maji yana kina gani?"

"Kina cha kutosha, Mheshimiwa."

Luisa alilisikia neno lile akashtuka kama aliyeitwa jina. Lilikuwa ndugu wa damu wa "mbali". Alimsikia Meshack, alisikia wimbi nyuma ya kitanda. Alimngoja mwenyekiti aulize swali la pili, lakini mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa taratibu na karani anaandika. Lilikuwa linaandikwa. Lingekwenda Dodoma hivyo hivyo.

"Cha kutosha nini?" Luisa akauliza.

Wote wakageuka. Bwana Cuthbert alitabasamu. "Mama, tafadhali, tuna utaratibu."

"Mimi ndiye ile sauti," Luisa akamwambia mwenyekiti. "Tunalitumia sana. Mlinisikia huko Dodoma. Nilisema tunalitumia kuanikia usipa, wakakuleteeni nusu. Sasa huyu anasema kina cha kutosha. Namuuliza, cha kutosha nini?"

Mgambo alianza kusogea. Luisa aliangalia zile ngazi zinazoshuka kwenye maji mekundu. Wavuvi walikuwa wakisema mitumbwi inakwaruza pale. Lakini wavuvi husema mengi, na yeye tangu lini aliamini maneno ya wavuvi? Mvua ya juzi ingeweza kuuzoa mchanga wote. Alishuka ngazi ya kwanza, ya pili, akasikia baridi vidoleni, akashuka mpaka vifundo, mpaka pale ambapo hakuwahi kupita, na hapo ngazi zikaisha. Mtu nyuma yake alisema "mama!" Luisa akashika msalaba wa rozari shingoni, akafumba macho kama Eunice anavyofumba, akarusha mguu kwenye ziwa.

Mguu ulitua.

Alileta na wa pili. Alipofumbua macho alikuwa amesimama mbele ya kichwa cha gati, mbele kabisa ya mahali ambapo meli ilitakiwa kufunga, na maji yalikuwa magotini. Alijiangalia. Kisha akaanza kulia, si kwa huzuni, ni woga tu uliokosa pa kwenda, na akamtazama mwenyekiti huku analia.

"Mheshimiwa, meli gani inaelea hapa?"

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaivaa tena. "Mkurugenzi," akasema bila kumtazama, "utarudi mbele ya Kamati na maneno mazima. Ya mama huyu, na ya kwako." Kisha akamgeukia karani wake. "Futa hilo la kutosha. Andika magoti."

Waliogeuka kuondoka walimwacha Luisa majini. Alianza kupapasa ngazi kwa mguu. Aliyeshuka kumfuata ni Glorious, mabuti yake mapya yakijaa maji, akanyoosha mkono. Luisa hakuupokea.

"Uliikata wewe?"

"Hapana, mama. Niliituma yote. Iliporudi kwenye taarifa ilikuwa fupi. Ndiyo maana nilikwambia utandaze, wajionee."

"Na mbona ulinyamaza?"

Bwana Cuthbert alikuwa juu yao, pale pale, anasikia. "Niliogopa," binti akasema.

Luisa aliyaangalia yale maji mekundu yaliyomzunguka. Hilo neno hakuwa na swali la pili la kuliuliza. Akaupokea mkono.

Wakala ulirudi Dodoma. Redio ikasema kwamba mkurugenzi ameieleza Kamati kuwa gati la Likongwe halijaanza kutumiwa na vyombo vya majini kutokana na mchanga, ila kwa sasa linatumiwa na akina mama kuanikia dagaa. Yalikuwa maneno mazima. Luisa aliyasikiliza peke yake mpaka mwisho, akazima kabla wimbo haujaingia.

Asubuhi iliyofuata alikuta mnyororo umefungwa mwanzoni mwa gati, na kibao kipya: MARUFUKU KUANIKA DAGAA. Mtambo wa mchanga ulikuwa umeahidiwa. Haukuwa umekuja. Alisimama na beseni kichwani akakisoma kibao mara mbili, akitafuta uongo ndani yake, asiuone.

Wiki hizo akina mama walimsalimia kwa kope. Usipa ulianikwa mchangani, nusu ukanuka, na ule uliopona ulikuwa na mchanga ambao ilibidi uchambuliwe kwa vidole, samaki mmoja mmoja. Luisa alikaa peke yake ukingoni akichambua. Siku moja akasikia fimbo ikija nyuma yake, taratibu, ikizama na kuchomoka. Eunice akajishusha chini kwa shida, mguu mbovu ameunyoosha mbele, akatazama ziwa.

"Umetunyang'anya sakafu," akasema.

"Nimewanyang'anya, wifi."

"Na meli bado."

"Bado."

Eunice alichora mchangani kwa ncha ya fimbo, akafuta. "Siku ile, maji yalikufika wapi? Mimi nilikuwa mbali, sikuona vizuri."

"Magotini."

"Ulijuaje kama hayatakufika shingoni?"

Luisa alimtupia macho, akayarudisha kwenye usipa.

"Sikujua," akasema.

Eunice aliiweka fimbo pembeni, akalivuta beseni katikati yao, akachukua konzi la usipa na kuanza kuchambua mchanga.